Goti limesagika, ripoti inasema na ligamenti imechanika: tuelewane hapa

Mnyoosha Viungo (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kazi yangu ni tiba ya viungo, na magoti ndiyo yanayonijazia siku. Kuna jambo limenikaa moyoni muda mrefu, nimeona nilifungulie uzi.

Mtu ana miaka sitini na ushee. Magoti yamemsumbua kwa miaka, ameshaambiwa ni osteoathritisi, yaani kule kusagika kwa goti. Siku moja anapigwa MRI, ile picha ya ndani ya mwili, na ripoti inarudi na maneno mazito: gegedu limelika, menisko imechanika, ligamenti ya msalaba ya mbele imekatika. Akiulizwa aliumia lini, hakumbuki. Lakini tangu asome neno "imekatika" anatembea kama amebeba yai gotini. Nyumbani nako wanagawanyika: mmoja anataka mgonjwa apasuliwe wiki hiyohiyo, mwingine anasema ni uzee, akae tu. Nimewaona wagonjwa walioumizwa na ushauri wa kwanza, na nimewaona walioumizwa na wa pili.

Tuanze na goti lenyewe. Ni maungio ya mifupa mitatu: fupa la paja juu, muundi chini, na kilegesambwa, ile pia inayocheza mbele. Ukiyatazama maumbo ya mifupa hiyo utajiuliza goti linasimamaje. Nyonga ina kikombe kinachokumbatia kichwa cha mfupa, goti halina. Vichwa viwili vya mviringo vya fupa la paja vimekaa juu ya uso wa muundi ulio karibu bapa. Wala si mifupa inayovizuia visiteleze. Ni nyuzi na misuli.

Nyuzi hizo ndizo ligamenti, zinazofunga mfupa kwa mfupa. Kubwa ni nne. Mbili ziko pembeni: ya upande wa ndani ni pana na bapa, imeshikamana na menisko ya upande wake; ya upande wa nje ni kama kamba ya mviringo na inashuka hadi kwenye kichwa cha ule mfupa mwembamba ulio kando ya muundi. Mbili nyingine ziko katikati ya goti, zimepishana kama msalaba. Ya nyuma ni nene na ngumu zaidi. Ya mbele, ambayo kwenye ripoti huandikwa ACL, ina urefu wa sentimita 3 hivi, na ndiyo inayozuia muundi usichomoke kwenda mbele na usizunguke kupita kiasi.

Menisko ni vipande viwili vya umbo la mwezi mchanga vilivyokaa kati ya mifupa, vinatawanya uzito. Damu inafika ukingo wao wa nje tu; sehemu ya ndani ikichanika haina namna nzuri ya kupona. Gegedu, ule mfuniko laini wa ncha za mifupa, halina damu kabisa wala mishipa ya fahamu. Linalishwa na ute wa gotini: ukikanyaga unaminywa, ukiinua mguu unanyonywa tena, kama sifongo. Ndiyo maana goti lisilotembezwa linakosa chakula. Na ndiyo maana gegedu likilika, maumivu hayatoki kwenye gegedu. Yanatoka kwenye mfupa ulio chini yake, kwenye utando wa ndani uliovimba na kwenye kifuko kinachozunguka maungio.

Sasa ninalotaka kusema. Osteoathritisi si ugonjwa wa gegedu peke yake. Ni goti zima linalobadilika, ligamenti zikiwemo. Miiba ya mfupa inayoota pembezoni huota pia ndani ya bonde dogo kati ya vichwa viwili vya fupa la paja, na bonde hilo ndilo njia ya ACL. Bonde likiwa jembamba, ligamenti inasuguliwa kila goti linaponyooka, mwaka hadi mwaka, mpaka inabaki nyuzinyuzi. Halafu kuna umri wenyewe. Mwaka 1991 watafiti walipima nguvu ya ACL kutoka kwenye maiti: za vijana zilihimili wastani wa nyutoni 2,160 kabla ya kukatika, za watu wa miaka 60 na kuendelea nyutoni 658. Haifiki hata theluthi. Kwa hiyo mzee hahitaji kuanguka vibaya. Kugeuka ghafla kunaweza kutosha, na mara nyingine hata huko kugeuka hakukuwepo.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2005 uliwaangalia kwa MRI watu wenye osteoathritisi ya goti inayouma. Karibu asilimia 23 walikuwa na ACL iliyokatika kabisa. Kwa wasio na ugonjwa huo haikufika asilimia 3. Na katika hao waliokatika, nusu hivi hawakuwa na kumbukumbu ya kuwahi kuumia goti.

Kwa hiyo ukisoma "imekatika" kwenye ripoti ya mzee wako, usidhani kuna ajali mliyofichwa. Swali ni hili: je, huko kukatika ndiko kunakomsumbua leo? Karibuni.

---

Binti wa Kwanza

Ahsante sana mkuu, kama vile umemwandikia mama yangu. Ana miaka 67, hajawahi kuanguka. Ripoti inasema ACL imekatika na upande wa ndani "nafasi ya maungio imepungua sana". Analalamika "goti linaniachia, linaniachia", hasa akitoka kwenye kiti. Ndugu zangu wanataka atengenezewe ligamenti mpya. Nifanye nini?

---

Mnyoosha Viungo

Pole kwa mama, dada. Nitakujibu kwa urefu maana swali lako ndilo la wengi.

Kutengeneza ACL upya ni kuchukua kano, ule uzi unaofunga msuli kwa mfupa, mara nyingi ya nyuma ya paja au ya chini ya kilegesambwa, na kuipitisha kwenye matundu yaliyotobolewa mifupani. Ni upasuaji wa goti ambalo nyuso zake bado ni nzima na mwenye goti anahitaji kukimbia na kugeuka. Goti la mama nyuso zake zimeshalika. Ligamenti mpya haitarudisha gegedu, itapita kwenye bonde lilelile jembamba, na maumivu ya mfupa yatabaki palepale. Ndiyo maana mabingwa wa mifupa hawaufanyi kwa kawaida kwenye osteoathritisi iliyokomaa. Ikifika hatua ya upasuaji, kinachozungumzwa kwa goti kama hilo ni kubadilisha nyuso zenyewe, yaani goti bandia. Kwenye goti bandia kamili la kawaida ACL huondolewa hata kama ilikuwa nzima. Bandia ya nusu goti ndiyo ambayo kwa desturi huhitaji ACL iliyo hai, kwa hiyo hapo ripoti ya mama ina uzito wake, mwulizeni daktari wake.

Sasa hilo la "linaniachia". Goti linaweza kuachia kwa sababu tatu tofauti, na tiba zake hazifanani.

Ya kwanza ni ligamenti kweli haishiki. Huyu huachiwa anapogeuka, anapokanyaga mahali pasipo sawa, anapobadili mwelekeo ghafla. Anasikia mifupa imehama kisha ikarudi.

Ya pili ni msuli. Goti likiuma au likijaa maji, mwili wenyewe unauzima msuli wa mbele ya paja, hata maji yakiwa kidogo. Si uvivu wala uoga, amri inakatwa kwenye mishipa ya fahamu. Huyu huachiwa akishuka ngazi au akiinuka kitini, akiwa ameelekea mbele tu bila kugeuka. Dada, maelezo yako ya mama yananipeleka huku.

Ya tatu watu wengi hawaijui. Fikiria kamba iliyofungwa kati ya nguzo mbili. Nguzo zikisogeleana, kamba inalegea ingawa hakuna uzi uliokatika. Osteoathritisi hupenda kula upande wa ndani wa goti. Gegedu likiisha pale, mifupa inasogeleana na ligamenti ya ndani inabaki imelegea. Mtu akiambiwa "ligamenti yako ya ndani imelegea" anaweza kudhani imechanika, kumbe ukilisukuma goti hadi nafasi ikarudi, ligamenti inakaza vizuri kabisa. Wakati huohuo miguu inapinda kama upinde na ligamenti ya nje inavutwa kidogo kidogo. Hapo si suala la kushona kitu, ni suala la mpangilio wa mguu na mzigo.

Mpeleke kwa mtu atakayemshika goti, si kusoma karatasi tu. Na umwambie ampime nguvu ya paja.

---

Beki Mstaafu

Mimi nina 41. ACL ilikatika nikiwa na 22 uwanjani, nilisikia "ta!" na goti likavimba kabla mechi haijaisha. Nilifanyiwa upasuaji na nikarudi kucheza. Sasa daktari ananiambia goti la miaka 41 linafanana na la mtu wa 65. Upasuaji ulishindwa?

---

Mnyoosha Viungo

Pole mkuu. Haukushindwa. Ulikusudiwa kukupa goti lisiloachia, na ulilipata. Lakini kwa wastani nusu hivi ya waliokatika ACL au kuchanika menisko wanaonyesha osteoathritisi ndani ya miaka 10 hadi 20, na kutengeneza ligamenti hakujathibitika kuondoa hatari hiyo. Siku ile ya "ta!" gegedu na mfupa navyo vilipigwa. Damu ilimwagika ndani ya goti, na uvimbe wa namna hiyo unaacha kemikali zinazolila gegedu. Menisko nazo mara nyingi huchanika siku hiyohiyo au baadaye. Ulikatwa menisko?

---

Beki Mstaafu

Ndiyo, ya ndani, waliondoa kipande kikubwa.

---

Mnyoosha Viungo

Basi hapo ndipo sehemu kubwa ya jibu ilipo. Menisko ikipungua, uzito uleule unatua kwenye eneo dogo zaidi. Wewe bado ni kijana na una mengi ya kufanya: paja lenye nguvu, baiskeli ya kukalia ndani au kuogelea badala ya kukimbia kwenye sakafu ngumu, na uzito wa mwili. Kuhusu uzito, watafiti waliopima mwendo wa watu wazima wenye osteoathritisi na uzito mkubwa waliona kwamba kila kilo 1 inayopungua mwilini inapunguza kama kilo 4 za mzigo gotini kwa kila hatua. Zidisha kwa hatua za siku nzima.

---

Mzee wa Ngazi

Mimi sikubaliani na kila kitu. Miaka sita iliyopita goti langu lilisafishwa kwa kamera, wakapunguza menisko iliyochanika, nikapata nafuu ya kweli. Leo unawatisha watu wasipasuliwe.

---

Mnyoosha Viungo

Mzee wangu, shikamoo. Nafuu yako siikatai, na nashukuru umeisema hapa.

Nieleze tu kwa nini nina tahadhari. Mwaka 2002 kulichapishwa jaribio lililofanyika Houston kwa wagonjwa 180 wenye osteoathritisi ya goti. Wengine walisafishwa kwa kamera, wengine walichanjwa ngozi tu bila kufanyiwa chochote ndani, na wenyewe hawakujua ni nani kafanyiwa nini. Waliofanyiwa kweli hawakuwapita wenzao kwa nafuu. Mwaka 2013 Finland wakafanya jaribio la namna hiyo kwa watu 146 ambao menisko zao zilichanika kwa kuchakaa bila hata osteoathritisi, matokeo yakawa yaleyale. Mwaka 2017 jopo la kimataifa likatoa pendekezo zito dhidi ya upasuaji wa kamera kwa magoti yaliyochakaa.

Maana yake si kwamba wagonjwa wale hawakupata nafuu. Walipata, makundi yote. Goti la osteoathritisi lina misimu: linawaka, linatulia. Mtu hupasuliwa likiwa limewaka.

Na kuna hili. Huko Framingham, Massachusetts, walipiga MRI magoti ya watu wa kawaida wa miaka 50 hadi 90. Kati ya wenye osteoathritisi kwenye eksirei, menisko iliyoharibika ilionekana kwa asilimia 63 ya waliokuwa na maumivu, na asilimia 60 ya wasiokuwa na maumivu. Karibu sawa! Kuchanika kwa menisko kwenye goti la namna hii ni kama mvi kichwani: ipo, ila huwezi kuibebesha kila kichwa kinachouma.

---

Swali Moja

Kwa hiyo MRI ni kupoteza muda?

---

Mnyoosha Viungo

Hapana, na hapa naomba mnisome taratibu, kwa sababu mtu mwenye osteoathritisi anaweza pia kuumia kweli, ligamenti ikakatika leo juu ya goti lililochakaa tangu jana. Tofauti iko kwenye simulizi. Kama kulikuwa na tukio, goti likajipinda, na likavimba ndani ya saa mbili tatu, huo uvimbe wa haraka huwa ni damu: fikiria ACL au mfupa uliovunjika. Likivimba taratibu hadi kesho yake, mara nyingi ni maji ya menisko au ya osteoathritisi iliyochokozwa. Goti likijifunga, yaani halinyooki kabisa kana kwamba kuna kitu kimekwama mlangoni, hilo lichunguzwe mapema.

Eksirei baada ya kuumia ina kanuni zake, zinaitwa kanuni za goti za Ottawa. Mtu apigwe picha ikiwa ana miaka 55 au zaidi, au anaumia akibonyezwa kichwa cha ule mfupa mwembamba wa nje, au anaumia akibonyezwa kilegesambwa peke yake, au hawezi kukunja goti nyuzi 90, au hawezi kutembea hatua nne. Moja tu inatosha. Mzee akianguka hamna haja ya kusubiri "tuone kesho".

Na goti likiwa jekundu, la moto, limevimba na mtu ana homa, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Usaha ndani ya maungio unaharibu gegedu kwa siku chache. Kadhalika mguu wa chini ukiwa baridi au umekufa ganzi baada ya goti kuumia vibaya, kwa sababu mshipa mkubwa wa damu unapita nyuma tu ya goti. Msikande, msipake kitu, mwondoeni nyumbani.

Jambo jingine, la vipimo vya mkono. Kipimo tunachokiamini zaidi kwa ACL ni cha Lachman: goti linakunjwa nyuzi 20 hadi 30, paja linashikwa, muundi unavutwa mbele. Kwenye goti lililokakamaa lenye miiba ya mfupa kinaweza kudanganya. Ligamenti haipo, lakini muundi hausogei kwa sababu goti limejibana lenyewe. Wengi wa namna hii hawajawahi hata siku moja kuhisi goti linaachia, na sioni sababu ya kuwatibu ligamenti wasiyoikosa.

---

Mama Wawili

Naomba kuuliza kuhusu ligamenti ya pembeni. Niliteleza mwezi uliopita, goti likaingia ndani, na nina osteoathritisi ya mwanzo. Nimeambiwa ya ndani imechanika kiasi, nimepewa kifaa cha kuvaa. Itapona?

---

Mnyoosha Viungo

Ya ndani ndiyo yenye bahati, mama. Iko nje ya tundu la maungio na ina damu nzuri, kwa hiyo kwa kawaida hupona bila upasuaji ndani ya wiki kadhaa. ACL iko ndani, imezungukwa na ute, damu haigandi kati ya ncha mbili zilizokatika ili zishikane. Vaa kifaa kama ulivyoelekezwa ila usiache kukunja na kunyoosha kwa kiwango ulichoruhusiwa, kwa sababu goti lenye osteoathritisi likifungwa muda mrefu linakakamaa kuliko la kijana, na paja linanyauka haraka.

---

Binti wa Kwanza

Mkuu, na sindano za steroidi? Mama ameshachomwa mbili.

---

Mnyoosha Viungo

Zinatuliza kwa wiki kadhaa, na zina mahali pake goti likiwaka. Ila zisiwe mazoea. Jaribio la mwaka 2017 liliwachoma watu kila miezi mitatu kwa miaka miwili: gegedu lilipungua zaidi ya waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu hayakutofautiana. Kwa siku za kawaida dawa ya kupaka ya kutuliza uvimbe ni ya kuanza nayo. Vidonge vya aina hiyo avimeze kwa ushauri tu, hasa akiwa na vidonda vya tumbo, figo au presha.

Mazoezi ninayoanza nayo kwa goti kama la mama ni haya. Akae kitandani mguu umenyooka, taulo iliyokunjwa chini ya goti, aikandamize kwa nyuma ya goti huku msuli wa paja ukikaza, ahesabu hadi tano, aachie. Akizoea, ainue mguu mzima ukiwa umenyooka. Kisha la kuinuka kitini: kiti kirefu kwanza, mikono ikisaidia, ashuke polepole, maana kushuka ndiko kunakojenga. Aongeze daraja, alale chali, magoti yamekunjwa, ainue makalio, kwa sababu nyonga dhaifu inaliangusha goti upande.

Goti litauma kidogo, na hilo lisimwogopeshe. Maumivu ya kiasi yanayotulia kabla ya kesho yake yanakubalika. Yakizidi kesho, au goti likivimba, apunguze idadi lakini asiache. Na ampe paja miezi miwili mitatu kabla hajaamua kwamba haisaidii.

---

Binti wa Kwanza

Narudi na mrejesho, imeshapita wiki ya kumi. Tulipata daktari bingwa aliyemshika goti, akasema ACL haipo lakini goti halichezi, tatizo ni paja na upande wa ndani uliolika. Upasuaji wa ligamenti haupo kwenye mazungumzo tena. Anainuka kitini mara kumi bila mikono. Kuachia kumepungua, sasa ni akiwa amechoka tu. Ngazi bado zinamtisha, na fimbo anasema haimsaidii.

---

Mnyoosha Viungo

Nimefurahi sana, dada. Fimbo anashika mkono gani?

---

Binti wa Kwanza

Upande wa goti bovu.

---

Mnyoosha Viungo

Ahamishie mkono wa pili, upande wa goti zima, na itangulie pamoja na mguu mbovu. Akiwa amesimama mikono imening'inia, kishikio kifike kwenye kifundo cha mkono. Ngazini kupanda mguu mzima utangulie, kushuka mguu mbovu utangulie pamoja na fimbo, mkono mwingine kwenye ukingo wa ngazi. Mjaribu kesho asubuhi akiwa hajachoka, wewe ukiwa ngazi moja chini yake.